Saa Tatu, Upande wa Kushoto

Harufu ya iliki hunirudishia ladha ya plastiki mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nacheza mpira wa Kimarekani kwenye uwanja wa nyasi pale Woolwich, na kila mchezaji alitakiwa awe na kinga ya meno, kile kipande cha plastiki unachokichemsha kikalainika, kisha unakiuma kikashika umbo la meno yako. Mama aliichemsha yangu kwenye sufuria ya chai. Basi msimu mzima kila nilipovuta pumzi nilivuta iliki na tangawizi, na nikaona aibu tupu mbele ya wenzangu. Mama alikuwa na miezi miwili tu London. Baba alinileta kutoka Tanga nikiwa na miaka miwili, karatasi za Mama zikakwama, na zilipokuja kukamilika miaka tisa ilikuwa imeshapita. Alinikuta msichana mrefu ninayejibu kila kitu kwa Kiingereza. Sikumwita Mama, wala sikumwita jina lolote. Nikitaka kitu nilikwenda nikasimama karibu naye, nikangoja ageuke.

Mara moja nilijaribu. Nilimwalika kwenye mechi kwa Kiswahili changu cha kuokoteza: "Jumamosi, saa kumi." Baba alikuwa kazini. Asubuhi ile nilicheza huku nikigeuka kila mara kutazama walikosimama wazazi, na yeye hakutokea, nami nikamnunia kuanzia hapo. Kumbe alikuja, tena saa kumi kamili kama nilivyomwambia, yaani saa kumi ya jioni, saa kumi ya watu wa kwetu, si ile kumi ya asubuhi ya Waingereza niliyoikusudia mimi. Giza la Novemba lilikuwa linaanza kuingia. Alikuwa na chupa ya chai na bakuli la vitumbua, akakuta uwanja mtupu na mzee mmoja anatembeza mbwa. Akadhani nimemfanyia makusudi. Baba alitueleza wote wawili tulivyopishana, lakini tulikuwa tumeshaumia, na kiburi katika familia yetu hakijawahi kupungua. Siku chache baadaye nilikuwa mezani nakula, Mama akawa anazungumza na dada yake kwa simu. "Mtoto hanitaki, dada. Shule zikifungwa narudi zangu Tanga." Aliyasema hayo mbele yangu, akiamini sisikii Kiswahili. Nilisikia kila neno. Sikutaka aende. Nikaendelea kutafuna.

Mchezo wetu ulikuwa ule wa watu watano kila upande, ambao hamuangushani, mnachomoana tu vitambaa vinavyoning'inia kiunoni. Mimi nilikuwa mrushaji. Wapokeaji wangu watatu walijipanga foleni, mmoja nyuma ya mwenzake, na utamu wenyewe ulikuwa hapo: mlinzi hajui nani atakimbilia wapi mpaka mpira uinuliwe, na wakishatawanyika yeye amechelewa. Tatizo ni kwamba mimi lazima niwaambie wenzangu upande wa kwenda, tena kwa sauti, na wapinzani nao wana masikio. Kocha wetu, mama mmoja wa Kijamaika asiyevua filimbi shingoni, alitutaka tutafute maneno yasiyojulikana. Nikatoa Kiswahili: moja ni kulia, mbili ni kushoto. Tukashinda mechi mbili. Ya tatu tukacheza na timu ya Kilburn, na kwenye ulinzi wao alikuwemo binti wa Kikenya. Nikiita "mbili", yeye ameshafika kushoto kabla ya watu wangu, ananitazama huku anacheka. Tulifungwa vibaya sana. Safari hii Mama alikuwepo, Baba alimleta mapema, na aliona yote.

Kesho yake alinikuta jikoni nimepanga vikombe vitatu foleni mezani, navisukuma huku na huku. Akavuta kiti. Nikamweleza kwa vikombe zaidi kuliko kwa maneno. Akafikiri kidogo. "Yule binti anajua kuhesabu," akasema. "Lakini saa yetu, mtoto wa huku, anaijua?" Sikumwelewa. Akanishika mabega akanigeuza nitazame saa ya ukutani. "Saa tatu asubuhi, ule mshale mfupi unakuwa wapi?" Ilinichukua muda. Saa tatu ya Mama mshale uko kwenye tisa, na tisa iko kushoto. "Wewe uliponiambia saa kumi ulisoma mshale," akasema. "Mimi nikahesabu tangu kulipokucha." Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunitania, na nilicheka nikiwa nimeinamisha kichwa, asinione vizuri.

Tulirudiana na Kilburn Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa. Wiki nzima nilikuwa nimewafundisha wenzangu: saa tatu kushoto, saa tisa kulia. Nikaita saa tatu. Yule binti akawatafsiria wenzake haraka haraka, akiwaonyesha upande wangu wa kulia, kule iliko tatu kwenye uso wa saa, na walinzi wote wakahamia huko. Foleni yangu ikafumukia kushoto. Nikarusha mpira, mpokeaji akaudaka akiwa peke yake kabisa. Tulipata pointi mara tatu kwa ujanja ule kabla hawajashtuka, na mwisho tukafungwa vilevile, maana walituzidi mbio. Mama kule pembeni alikuwa anacheka ameshika magoti. Nilimwendea na matope yangu, nikaitoa kinga mdomoni. "Mama, usirudi Tanga."

"Kumbe unasikia," akasema. "Siku zote unasikia." Nikaitika kwa kichwa. Akanifuta uso kwa mtandio wake, akaendelea kufuta hata matope yalipokwisha. Hakuniahidi chochote. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, naye yupo.

Wakati ule nilimwona Mama kuwa mtu mzima anayejua afanyalo, wa kuamua tu kunipenda au kuondoka. Leo mimi nina miaka thelathini na mmoja, ileile aliyokuwa nayo yeye alipofika. Nimepanga chumba Kilburn, wali wangu bado unashika chini, na nikijaribu kujiona naingia nyumba ngeni katika nchi ngeni, nimkute mtoto wangu amekaa mezani hataki kunitazama, naona ningepanda ndege wiki ileile. Majuzi nilimuuliza kama aliogopa alipofika, baridi ile, lugha ile. "Baridi utavaa koti," akasema. "Mimi nilikuwa nakuogopa wewe."