Mama Marisau na Njiwa wa Mwalimu

Watu wengi waliomjua Mama Marisau kwenye kaunta ya duka la bunduki na risasi hawakujua kwamba kwa miaka thelathini kabla ya hapo aliishi kwenye cherehani. Alishona sare za shule, makoti na mapazia, wala hakuwahi kugusa risasi, ingawa mumewe alikuwa fundi wa bunduki na karakana yao ilitenganishwa na chumba cha kushonea kwa ukuta mmoja tu. Kilichomtoa kwenye cherehani ni masikio ya mumewe. Fundi alikuwa akijaribu bunduki za watu tangu ujana bila kuziba masikio, na alipotimiza miaka sitini na miwili yakagoma. Mteja akiomba mafuta ya kusafishia mtutu, anapewa mkanda wa ngozi. Mteja akilalamika, Fundi anashukuru.

Basi mama akafunika cherehani kwa shuka, akahamia kaunta. Mwanzoni wanaume waliingia, wakamtazama, kisha wakachungulia nyuma ya bega lake na kuuliza kama mwenyewe yupo. Aliwajibu kwamba mwenyewe yupo ila hasikii, na anayesikia ndiye yeye, kwa hiyo wachague.

Kazi aliijifunza kama alivyojifunza vitambaa, kwa vidole. Alimwomba mumewe amfungulie risasi moja ya kila aina. Fundi alitoa baruti akaiweka mbali, akamwachia vizibo vinavyotenganisha baruti na chembe, na zile chembe ndogo za madini ziitwazo marisau, kila aina kwenye kisahani chake. Mama alizihesabu moja moja, akaandika kwenye daftari lake la vipimo vya nguo. Lilimchekesha jambo moja: namba ikipanda, chembe inapungua. Namba nne inakaribia punje ya mtama, namba nane inakaribia ulezi, na namba sita iko hapo katikati. Jirani mwenye duka la rangi alimkuta ameinama juu ya visahani hivyo akamwita Mama Marisau, na jina likamganda. Alilipenda.

Mwaka wa tatu wa kaunta ndipo alipoingia Mwalimu. Alikuwa amestaafu, amenunua shamba akapanda alizeti, na njiwa mwitu walikuwa wakimshukia kama wanafunzi kengele ya chakula ikilia. Aliweka kibali chake mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akaomba risasi kali kuliko zote dukani.

Mama alimuuliza njiwa wanakuja kwa umbali gani, wanatua au wanapita, na kama kuna ng'ombe wanaolisha hapo baada ya mavuno. Kisha akamshauri achukue namba sita, gramu ishirini na nane za marisau, zenye kizibo cha nyuzi kinachooza, maana cha plastiki hubaki shambani na ng'ombe hachagui anachokula. Mwalimu alisikiliza kama anayesahihisha insha mbaya. Alisema njiwa wake ni wakubwa, na yeye hakuja kuwabembeleza. Akataka namba nne, gramu thelathini na sita. Mama alipositasita, Mwalimu alipaza sauti kumwuliza Fundi kule karakana kama namba nne si nzuri zaidi. Fundi, aliyeona tu midomo ikicheza, alitikisa kichwa kukubali kwa adabu zote. Mwalimu akaondoka na maboksi mawili, ameshinda.

Wiki mbili baadaye alirudi akiwa na mkewe, bunduki ndani ya mfuko wake, na mkebe uliojaa maganda ya risasi. Alisema risasi ni mbovu. Bega lake lilikuwa limevilia damu, na katika risasi arobaini alikuwa amepata njiwa mmoja.

"Na huyo mmoja," mkewe aliongeza taratibu, "nadhani alikufa kwa kicheko."

Mama alikuwa anajiandaa kueleza tena habari ya namba sita pale Fundi alipotoka karakana. Hakusikia neno lolote, lakini aliona maganda. Alichukua moja, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua la pili na la tatu. Midomo ya maganda yote ilikuwa imechanika nyuzinyuzi, kama pindo la nguo lililokatwa kwa mkasi butu. Akanyoosha mkono kuomba bunduki, akaikunja kuifungua, akahakikisha haina kitu, akaingiza kipimo chake kwenye chemba, pale risasi inapolala.

"Sitini na tano," alisema kwa sauti ya wasiosikia, hadi mpita njia akageuka. "Umemuuzia sabini."

Mama alielewa papo hapo. Bunduki ya Mwalimu ilikuwa ya zamani, nyepesi, yenye chemba fupi ya milimita sitini na tano. Risasi ndefu ya sabini huingia humo bila shida kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Tatizo huja ikilipuka, mdomo unapotaka kukunjuka na kukosa nafasi. Nguvu yote hubanwa hapo. Bega lililovilia damu lilikuwa ndiyo nafuu. Mtutu ungeweza kupasuka mikononi mwake.

Mama alikaa kwenye kiti. Alikuwa na daftari lenye hesabu ya kila chembe, na hakuwa amefanya jambo ambalo fundi cherehani wa wiki ya kwanza hulifanya, kumpima mteja kabla ya kukata kitambaa.

"Mwalimu, kosa ni langu," alisema. "Nilikuuliza habari za njiwa. Sikukuuliza habari za bunduki."

Mwalimu alikuwa amekuja na hotuba kamili. Aliiweka kando. Baadaye alimwambia mkewe kwamba katika miaka thelathini na tano ya kufundisha hakuna mtu aliyewahi kumwambia "kosa ni langu" kabla hajaulizwa mara tatu. Pale dukani alisema tu kwamba na yeye alikuwa ameambiwa akakataa, kwa hiyo wagawane kosa.

Jumamosi asubuhi Mama na Fundi walifunga duka wakaenda shambani. Mama alibeba karatasi kubwa za kukatia mitindo ya nguo, alizochora njiwa kwa chaki ya fundi nguo, njiwa thelathini kila karatasi. Fundi alileta bunduki yake mwenyewe yenye chemba ndefu, akasimama hatua thelathini na tano, akapiga karatasi ya kwanza kwa namba nne. Wakaenda kuangalia. Njiwa tisa hawakuwa na tundu hata moja. Karatasi ya pili ilipigwa kwa bunduki ya Mwalimu na Mwalimu mwenyewe, kwa namba sita fupi. Alikaza bega akisubiri teke, likaja kama msukumo wa rafiki. Mkewe ndiye aliyehesabu: walionusurika walikuwa wawili tu, na wengi walikuwa na matundu matatu au manne.

"Usione wembamba wa reli," Mama alisema, na Mwalimu akamalizia mwenyewe kwamba treni hupita hapo hapo.

Halafu Mwalimu alijificha nyuma ya mabua, akawaacha njiwa wakaribie badala ya kuwapigia mbali kwa hasira. Hadi saa nne alikuwa amepata kumi na mmoja. Wengine walihamia shamba la mbali, ambalo kwa bahati halikuwa lake.

Tangu siku hiyo Mama Marisau hauzi risasi kabla ya kusoma namba ya chemba iliyogongwa kwenye chuma cha bunduki. Wapo wanaonung'unika kwamba wanacheleweshwa. Anawaambia wakae, kiti kipo. Wengi hurudi, na wanaoulizia mwenyewe siku hizi wanamaanisha yeye. Hilo alinisimulia bila majivuno, ila alitabasamu.

Mchana wa Jumamosi ile mke wa Mwalimu aliwapika njiwa kwa vitunguu, wakala wote wanne pamoja kwenye kibaraza, viatu vimejaa vumbi. Fundi alikuwa anatafuna kwa raha pale alipotulia ghafla, akaingiza vidole mdomoni, akatoa chembe moja nyeusi. Aliizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Sita," alitangaza, majirani wote wakasikia.

Mama aliichukua, akaipapasa, akakubali kuwa ni sita. Kisha akamsogezea bakuli ili amalizie paja lililobaki.