Ngozi ya Kanuni

Katika miaka ya hamsini, mwalimu wangu wa muziki alianza kutetemeka mikono, na klabu yetu ya taarab pale mtaa wa Ng'ambo ikawa haina wa kuiongoza. Kwetu anayepiga kanuni ndiye kiongozi: yeye hutoa sauti, fidla na udi zikalinganishwa naye. Kwa asiyeijua, kanuni ni sanduku bapa la mbao lenye nyuzi nyingi. Unailaza mapajani ukazidonoa kwa vidole viwili vilivyofungwa risha, vijipande vya kudonolea. Upande wa kulia pana ngozi nyembamba, na juu yake limekaa daraja linalobeba nyuzi zote.

Mwalimu alinipa kanuni yake, na hatukuwa na nyingine.

"Piga harusi ya Ijumaa," aliniambia. "Ukiimudu, kiti chako. Usipoimudu, tutatafuta mtu."

Ijumaa ilikuja na masika. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumanne. Alasiri, katika nyumba ya harusi kule mtaa wa Malindi, nilikaza nyuzi mpaka sauti ikakaa sawa, na haukupita muda ikashuka. Nikakaza tena, ikashuka tena. Ngozi ilikuwa imenyonya unyevu.

Mpiga dumbaki alikuwa amechuchumaa kwenye seredani ya makaa, anaipasha ngoma yake moto kama kawaida ya wapiga ngoma.

"Ilete na hiyo," akasema. "Ngozi ni ngozi, shekhe. Au yako imesoma Misri?"

Wenzetu wakacheka. Nikacheka nao, nikaipeleka. Ngozi ya ngoma ni nene, huvumilia makaa. Ya kanuni imekwishaelemewa na nyuzi, moto kidogo tu huimaliza. Ilipasuka taratibu, kama kitambaa kinachochanwa, na daraja likazama ndani.

Harusi ilipigwa bila kanuni. Mpiga fidla aliongoza, mimi nikakaa nyuma nimekumbatia sanduku.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu, nikamwamkia. Aliipapasa ile ngozi kwa muda mrefu.

"Umeipasha moto."

"Naam."

"Siku ya mvua unaiacha kanuni ishuke, unawaambia wenzako washuke nawe. Skukwambia?"

"Hukunambia, mwalimu."

"Basi nlisahau," akasema, akageukia ukutani.

Wewe unayejifunza leo, uliza hata lile unaloona aibu kuliuliza. Mimi sikuuliza. Kiti akapewa mpiga fidla, na mwalimu akafariki kabla ngozi mpya tuliyoiagiza haijafika kutoka Misri.