Kiri Tu, Yaishe

Kwa kaka yangu, mzigo wa msafiri haupakiwi kabla ya kufunguliwa na kuombewa. Desturi hiyo tuliitoa kwenye kambi ya wakimbizi, Kasulu, sisi Warundi tuliokulia huko. Familia ikiitwa kwenda Marekani, wazee walikuja, masanduku yakafunguliwa na kila nguo ikakung'utwa, maana watu waliogopa kutegeshewa kitu na jirani mwenye kijicho. Kaka aliivusha desturi hiyo bahari pamoja na Biblia yake na kikohozi chake. Mimi niliiona ya kuchosha tu, mpaka Jumamosi moja asubuhi, kwake Columbus, jimbo la Ohio, alipoukung'uta mkoba wa binti yangu na kitabu kikaanguka sakafuni.

Tulikuwa tunahama. Louisville tulikuwa tumeishi tangu tufike nchi hii, nikifanya kazi ghalani, kufunga maboksi ya watu wanaonunua vitu bila kutoka vitandani. Mume wangu alikuwa ametangulia Buffalo, amepata kazi kiwandani na nyumba huko, mtaa wa Lower West Side. Mimi na binti yetu wa miaka kumi na mitano tulikuwa tunamfuata na vyombo. Kaka ndiye aliyekuja kutuchukua na lori la kukodi, kwa sababu mimi barabara kuu inanishinda. Tulilala kwake ili tuondoke asubuhi. Lori lilikuwa nje, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Kitabu kilikuwa na jalada jeusi lenye picha ya tawi na fuvu la mbuzi. Kaka alilisoma jina lake taratibu, kwa Kiingereza alichojifunza akisafisha madarasa ya chuo kikuu, kisha akakaa kwenye kochi. Kilikuwa kitabu cha kumwongoza mtu anayetaka kuanza kusoma habari za uchawi wa jadi, ule unaofuatwa na Wazungu wa leo. Ndiyo, wapo Wazungu wanaojiita wachawi mchana kweupe, na hakuna anayewachomea nyumba.

"Hiki cha nani?" kaka aliuliza.

"Changu, mjomba. Cha maktaba," binti yangu alijibu, kisha akamalizia kwa Kiingereza kwamba anasoma tu, kusoma si kosa.

Kaka hakubishana naye. Alikibeba kwa ncha za vidole hadi nyuma ya nyumba, kwenye jiko la kuchomea nyama, akamwaga mafuta juu ya mkaa. Kabla ya kuwasha kiberiti alifunua jalada, akaona muhuri wa maktaba, mkono ukasimama. Mtu aliyekulia kambini hachomi kitu chenye muhuri. Kadi ya chakula ilikuwa na muhuri, na aliyeipoteza alilala njaa na watoto wake. Akakirudisha ndani, akakiweka juu ya friji, mbali na mikate, kisha akawapigia simu wazee wa kanisa. Wangekuja saa kumi jioni. Hakuna safari, alisema, mpaka mtoto akiri na kuombewa.

Kwa watu wetu kukiri ni mbele ya macho ya wote, na siku hizi mtu hushika simu arekodi, eti ni ushuhuda. Video ya Columbus hufika Louisville watu hawajainuka vitini, na jioni hiyohiyo iko Buffalo, iko Kasulu. Binti yangu angeingia Buffalo akiwa tayari mchawi, kabla hajajua shule yake iko mtaa gani. Nani angemruhusu mtoto wake akae naye? Na mtoto wa jirani akishikwa na homa, macho yangegeukia wapi?

"Nipe nikisome kwanza," nilimwambia kaka.

"Sumu haionjwi."

"Wazee wako wamekisoma?"

Nikakitoa juu ya friji, nikaenda kukaa ndani ya lori, upande wa dereva, nikajifungia.

Nilianza kwa woga na kwa Kiingereza changu cha ghalani, sitasema uongo. Kila ukurasa niliufunua nikitaja jina la Yesu. Lakini kadiri nilivyosoma, woga ulianza kuchanganyika na kicheko. Mwandishi alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Alimkataza mwanafunzi kukimbilia dawa wala maneno ya kunuiza; aanze kwa kusoma, asome sana, ndipo afungue mdomo. Mwishoni alipanga vitabu vya kuanzia, kipi kitangulie, kipi kisubiri, kipi kitupwe kwa kuwa kimejaa uzushi. Uchawi wenye mtaala! Kwetu mchawi hakuwahi kuhitaji darasa. Ilitosha awe mjane, na mdondo upite kijijini bila kugusa kuku wake.

Alisema mwanafunzi ajue majina ya majani yanayoota karibu na mlango wake, aujue mto wa mahali anapoishi, ajue nani kazikwa wapi. Alisema marehemu wa nyumba atengewe tonge la kwanza kabla walio hai hawajala. Hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo, kwa kificho, anamega ugali na kuudondosha nyuma ya mlango wachungaji wakiwa hawapo.

Kisha nikafika kwenye sura ambayo mwandishi alisisitiza isirukwe. Ilihusu mashauri ya zamani, huko Ulaya, ya wanawake waliowekwa mbele ya wakubwa wa kanisa na kuhojiwa. Mwanzoni walikana. Waliulizwa tena, na tena, na mwisho wakakubali kila kitu: kwamba waliruka angani, kwamba waliua ng'ombe wa jirani, kwamba walicheza ngoma na shetani. Walikubali kwa maneno yaleyale waliyoulizwa. Mwandishi alisema anayezisoma kesi hizo asiutafute uchawi kwenye majibu, bali ayatazame maswali. Nililia nimeegemea usukani, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni.

Nililia kwa sababu mama yangu naye alikiri. Mtoto wa jirani alikufa kwa kuharisha kambini, na mama ndiye aliyekuwa amempelekea dawa ya majani. Wazee wakaja. Mama alikana asubuhi nzima. Kaka, wakati huo kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, alipiga magoti mbele yake akamwambia, "Mama, kiri tu, yaishe." Alimpenda mama kuliko sisi sote, na alidhani kukiri ni kama kulipa faini, unalipa unaondoka. Mama alimtazama sana, akasema ndiyo. Kabla jua halijazama nyumba yetu ya udongo ilikuwa majivu, turubai na vyote. Miaka iliyombakia alichota maji bombani saa ambazo wenzake hawapo, na akafa hukohuko binti yangu akiwa bado mgongoni. Mimi na kaka hatukuzungumza jambo hilo tena, wala hatukumsimulia mtoto.

Kioo cha lori kiligongwa. Alikuwa binti yangu. Nikamfungulia, akapanda akakaa upande wa pili.

"Umefika kwenye kesi?" aliuliza.

"Nimefika. Kwa nini vitabu hivi, mwanangu? Vitabu vimejaa maktaba."

Alikunja mikono ya sweta lake. "Louisville, kwenye ile harusi, mama mmoja aliniangalia akasema nimefanana na bibi yangu mchawi. Nilikuuliza, ukaniambia nikoroge maharage. Ndiyo nikaenda maktaba, nikamuuliza mhudumu, mtu akitaka kujua habari za wachawi aanzie wapi."

Maharage nayakumbuka. Kabla sijafungua mdomo, gari la wazee liliingia uani.

Walikuja kwa wakati, jambo ambalo kwenye harusi hawalifanyi. Walikuwa watatu. Walikaa kwenye kochi kubwa, binti yangu akawekwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule, na wifi yangu, mke wa kaka, akasimama karibu na televisheni simu mkononi. Mkubwa wao alikuwa mzee Mkongomani, mpole, mwenye suti ya kahawia.

"Bon, mutoto yetu, usiogope," alisema. "Hapa hakuna mutu atakupiga. Sema tu, kile kitabu kimekufundisha nini?"

"Kimenifundisha kusoma kesi."

Hawakuelewa, wakaendelea. Nani alikutuma? Ulipewa kitu ukala? Unaota unaruka? Shuleni kuna mwalimu aliyekushika kichwa? Kila swali lilikuja limebeba jibu lake. Alikana, akakana, kisha sauti ikaanza kupungua. Mmoja alipouliza kwa mara nyingine kama huwa anaota anaruka, alisema labda, kila mtu huota. Wazee wakatazamana. Niliona mabega ya mwanangu yakishuka, nikajua sasa jinsi mtu anavyofikishwa kwenye ndiyo.

Ndipo kaka alipoinuka, akaja akapiga magoti mbele ya kile kiti. Mwili wangu ulijua kabla ya masikio.

"Mpwa wangu," alisema kwa upole kabisa, "kiri tu, yaishe."

"Rudia," nilisema.

Aligeuza shingo.

"Rudia hayo maneno, kaka. Mara ya kwanza ulimwambia nani?"

Wazee wale walikuwa wa kambi nyingine, hawakuijua habari yetu. Kaka alibaki magotini, na ningeweza kumwachia hapo. Sikutaka. Nilikuwa nimechoka kumtunzia siri hiyo.

"Mtoto anatafuta habari za bibi yake kwenye vitabu vya Wazungu," nilisema, "na mtu aliyekuwepo amempigia magoti. Msimulie."

Binti yangu alimwekea mkono begani. Aliuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo kwangu huitoa kwa kuombwa. "Mjomba, bibi alisema nini?"

Kaka aliketi sakafuni.

"Alisema ndiyo," alisema. Akajifuta uso kwa kiganja. "Hakuwa amefanya kitu. Nilijua hakufanya kitu, na nilimwambia akiri."

Wifi alishusha simu, akaiweka kifudifudi mezani. Mzee wa suti ya kahawia alikaa akitazama zulia, kisha akavaa kofia yake. "Bon," alisema, "tuombee safari." Wakaombea safari, barabara, na lori, na binti yangu hawakumtaja kwa baya wala kwa jema. Waliondoka bila kunywa chai.

Tuliondoka kesho yake. Tulikaa watatu mbele, binti katikati, kitabu magotini kwake. Tuliliacha jimbo la Ohio kaka akiwa ameshika usukani. Tulipokuwa tukilifuata ziwa kubwa linalofika Buffalo alianza kusimulia, bila kuulizwa: jinsi mama alivyokuwa akipiga mluzi akipalilia, jambo ambalo wanawake walikatazwa, jinsi alivyojua kila jani kwa jina na kulitania. Binti hakuandika wala hakurekodi. Alisikiliza. Mimi nilitazama nje, kwa kuwa bado sikumwamini kaka. Mtu anaweza kutubu sebuleni na kubadilika akivua viatu.

Buffalo mume wangu alikuwa amechemsha maji na kununua dagaa kwenye duka la Wakongomani. Nilisonga ugali tukakaa chini, tumezungukwa na maboksi. Kaka aliomba, ombi fupi. Kabla mtu hajanyoosha mkono, binti yangu alimega tonge, akaliweka kwenye kisahani, akaenda kukiweka dirishani. Aligeuka akasimama pale, akimtazama mjomba wake.

Mume wangu alinitazama mimi. Nilihesabu moyoni nitakachosema kaka akifungua mdomo, na nilikuwa tayari kumtoa nyumbani mwangu usiku haujaingia, awe kaka asiwe kaka. Alikitazama kile kisahani, mtu wa kanisa, mtu wa kukung'uta mizigo ya watu. Kisha aliinuka kwa kushika goti, akachota dagaa kwa vidole, akaenda dirishani akawaweka kando ya tonge.

"Mama hakuwahi kula ugali mkavu," alisema.