Kwa Kuwa Umeshasimama

Mpaka leo harufu ya chai ya tangawizi ikinifikia puani, hasira hunipanda. Mwalimu wetu wa shule ya Rwezamenyo aliweka chupa yake ya chai mezani, akatufundisha jinsi Wamarekani walivyomwaga baharini chai ya Waingereza, kisha wakashika bunduki.

"Kwa nini walikataa kutawaliwa?" akauliza.

Nilikwenda ubaoni nikaandika kwa chaki: Walitozwa kodi na mfalme ambaye hakuwauliza lolote.

"Safi kabisa," akasema. "Hakuna binadamu anayevumilia dharau kama hiyo."

Halafu akafungua daftari la mahudhurio. Kila mwanzo wa muhula alitakiwa kuandika kabila la kila mtoto.

"Watutsi, simameni."

Tulisimama wanne. Darasa zima likageuka kututazama, hata rafiki yangu wa dawati moja, kana kwamba hajawahi kuniona. Mwalimu alituandika polepole huku akinywa chai yake. Mimi nilikazia macho sentensi yangu, bado iko ubaoni.

Wenzangu wakaambiwa wakae. Mimi akaninyooshea kalamu.

"Wewe, kwa kuwa umeshasimama, futa ubao."

Nikaufuta.