Marehemu Aliyelalamikia Sukari

Pale chuoni wanamwita Profesa Gundi, na shule aliiaga darasa la sita. Kazi yake kujalidi vitabu, na kwa kujalidi hana mpinzani. Muulize mwenyewe, atakujibu kabla hujamaliza swali.

Mlangoni mwa karakana yake ana rafu ya riwaya za kuazimisha. Riwaya moja hugombewa na bweni zima, kwa hiyo huipasua vipande vinne wanafunzi wapokezane, kisha muhula ukiisha anavishona upya. Sasa mkutubi kampa siku tatu rafu iondoke, iwekwe mashine ya kopi, eti wanafunzi wa siku hizi hawasomi kisichotoka kwenye mtihani. Gundi akaapa wanasoma mpaka jalada. Mkutubi, mama asiye na mzaha, akasema alete ushahidi.

Akashusha riwaya iliyochakaa kuliko zote, waazimaji thelathini na mmoja tangu aishone mara ya mwisho. Akaifungua kwa madaha, akakwama. Humo mume kazikwa, watu wamelia, kurasa mbili mbele yuko mezani anakunywa chai na kulalamikia sukari. Akarudia kwa kidole. Kumbe kipande cha tatu kakishona kabla ya cha pili, bingwa mzima! Na namba za kurasa alishazikata kwa kisu akinyoosha kingo.

Watu thelathini na mmoja, kimya. Sasa walisoma au walipunga upepo? Akamwita binti wa mwaka wa pili, mwazimaji wa mwisho, akamuuliza kama hakuona kitu.

"Niliona, mjomba. Bweni zima tuligombana. Wengine wanasema ni pacha wake. Mimi nasema mke alizika gunia."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, na wewe si unajidai umevisoma vyote?"

Gundi akakuna kichwa. Ushahidi anao, ila ushahidi wenyewe ni aibu yake. Akipeleka, ubingwa unakwenda. Asipopeleka, rafu inakwenda. Alizunguka karakana mara tatu, akabeba kitabu, akamweleza mkutubi yote, pamoja na gunia.

Mkutubi alisikiliza bila kutabasamu.

"Kwa hiyo wanafunzi wanajua kusoma, wewe ndiye hujui kushona?"

"Ndiyo. Yaani, hapana. Ndiyo."

"Rafu ibaki. Hiki nakichukua mimi nikisome, na vipande usininyooshee."

Gundi akatoka, akasimama nje ya mlango, asijue kama kapongezwa au kagombezwa.