Nilirekebisha bug ya gemu la excavator kwenye Linux, dada yangu akaniambia niirudishe

Wakuu, nawasalimu kutoka Kolwezi, huku kwenye vumbi jekundu la Lualaba.

Leo sijaja kuomba msaada, nimekuja kusimulia. Ni mambo ya nyumbani kwangu. Dada yangu yumo ndani, ameniruhusu kuandika, na ameshasema atausoma uzi wote. Kwa hiyo chumvi sijatia, naogopa kelele zake.

Kiswahili hiki cha kuandika nimekiokota humu humu jukwaani. Nyumbani tunaongea cha Katanga, kwa hiyo watu wakianza kuongea nitawaacha waongee chao. Mtawaelewa tu.

Nimechokozwa na mkuu mmoja aliyeandika kwenye uzi wa laptop kwamba Linux ni ya server, anayetaka gemu arudi Windows. Mkuu, kaa hapo hapo. Hii ni yako.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko. Mashine nyingi ninazoletewa ni kuukuu, zimejaa virusi vya flash, na Windows yenyewe ni ya kunakili. Ikianza update inakunywa bando lote, halafu courant, yaani umeme, inakatika katikati, na mashine haiwaki tena.

Nilichoka. Zangu zote nikaweka Linux, ya nyumbani pia, nikatangaza kwamba Windows haitavuka mlango wangu tena. Ndiyo, nina kiburi kidogo. Hata mama anajua.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mama, na dada yangu mdogo Solange.

Solange alikuwa anauza mikate, yale maandazi yetu ya mviringo, kwa beseni kwenye parking ya malori njia ya mgodi wa Mashamba, kwenye mashimo ya shaba na kobalti. Anampa dereva mikate huku macho yake yako kwenye excavator inayojaza malori kule bondeni. Mwisho akajiandikisha kwenye centre moja ya mafunzo ya mashine.

Shida ya centre ni kwamba wanafunzi ni wengi na excavator ni mbili, moja ya njano na moja ya kijivu. Unapanda, unaanza kuizoea, unaambiwa shuka, mwenzako anangoja.

Kisha ikaja habari: kuna sous-traitant, mkandarasi wa mgodi, atakuja kuwapima wote na kuchukua wachache kazini. Solange akaniambia hivi, bila hata kukaa chini (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa):

"Yaya, ile bassin ya mikate mi sitairudilia tena. Unifanyiye namna nijifunze hapa ku nyumba."

Nami nikasema sawa. Nilikuwa nimeona mtandaoni gemu la excavator, la uchimbaji wa kweli kweli, udongo unamwagika na mashine inayumba ukizidisha mzigo. Kwenye ukurasa wake wameandika: Windows tu.

Hapo ndipo mkuu wangu wa Windows angekunja mkeka.

Nilianza na Wine, programu ya kuendesha vitu vya Windows ndani ya Linux. Dirisha jeusi.

Nikahamia Proton, ndugu yake. Likafunguka, muziki unapiga vizuri, lakini maandishi yote ni visanduku vitupu. Nikaongeza fonti, maandishi yakaja. Nikabonyeza kuanza, likaanguka.

Likaanguka tena. Na tena.

Nikasoma log, ile orodha ya makosa, hadi nikaelewa: kadi ya michoro ya laptop yetu ni ya zamani, haiwezi Vulkan, njia mpya ya kuchora, sawasawa. Nikalilazimisha gemu litumie OpenGL, ile njia ya zamani, nikarudi toleo la nyuma la Proton, nikapunguza vivuli na majani yote. Nani anahitaji majani kwenye mgodi?

Likakimbia, wakuu. Polepole, lakini linachimba.

Mama alipita na ndoo, akamwona Solange ameinama mbele ya kioo, akasimama.

"Mwanamuke muzima na michezo ya batoto," akasema. "Na masahani iko inamungoya mu cuisine."

Solange aliendelea kujaza lori lake. Mama hakuwa na ubaya. Aliogopa tu mtoto wake apoteze mikate na mashine vyote viwili, na mimi pia niliogopa hivyo ila sikusema.

Sasa tuje kwenye bug yenyewe, yaani ule ubovu.

Kwa wasiojua, excavator ina fimbo mbili, moja kila mkono. Ya kushoto inazungusha mashine na kusukuma mkono mfupi wa mbele. Ya kulia inainua mkono mkubwa na kufungua godet, lile bakuli lenye meno. Keyboard haikufundishi hiyo. Nikatafuta joystick mbili za occasion, yaani za mtumba, sokoni, nikazifunga kwa skrubu kwenye kiti cha mbao, moja kila upande.

Zilikuwa pacha. Aina moja, na hata ndani zinajitambulisha kwa kompyuta kwa jina lile lile, bila namba ya kuzitofautisha. Kwa hiyo kila laptop ikiwashwa, itakayoitikia kwanza ndiyo inakuwa ya kushoto.

Leo iko sawa, kesho gauche, ya kushoto, imekuwa droite, ya kulia.

"Yaya, leo gauche njo inafanya kazi ya droite. Ni weye ulibadirisha?"

Sio mimi. Na kwetu courant inakatika inavyotaka, betri ya laptop ni marehemu, kwa hiyo siku moja mashine inawashwa mara nyingi na kila mara ni bahati nasibu.

Nilimwambia avumilie, nitatengeneza. Solange akawa na tabia. Kabla ya kuchimba anasogeza fimbo moja kidogo, anaangalia kioo. Anasogeza nyingine. Godet fungua, godet funga. Ndipo anaanza. Nilimuuliza anafanya nini.

"Naisalimia kwanza," akasema.

Nilicheka. Niliona ni aibu ya fundi, mtu anaishi na ubovu wangu hadi anaupa adabu.

Nikakaa na tatizo hilo kibandani kila nikipata nafasi. Jibu likaja: usizitofautishe kwa jina, zitofautishe kwa tundu la USB. Nikaandika script, programu ndogo ya Python, inayosoma kila fimbo kulingana na tundu ilipochomekwa, kisha inaliletea gemu joystick moja ya bandia iliyopangwa vizuri. Zima, washa, chomoa laptop yote, kushoto ni kushoto.

Wakuu, niliipenda ile script. Nilirudi nyumbani natembea kama aliyeoa.

Solange akakaa, akacheza kidogo, akatoa mikono.

"Yaya, rudisha vile ilikuwa."

Nilikasirika, sitaficha. Nimekondea kitu kile, halafu naambiwa niirudishe mbovu. Nikamwambia kama hajui shukrani aende kuomba kompyuta kwa jirani.

Yeye akaongea taratibu, anavyofanya akijua ana haki:

"Sikiliza. Kule ku centre, zile machine mbili hazisikilizane. Ya jaune, mukono mukubwa iko ku droite. Ile ya gris, iko ku gauche. Leo Tata Kasongo, mwalimu yetu, alitubadirishia. Benzangu bote bamechanganyikiwa. Mi hapana, juu nilisalimia kwanza. Ukitosha ile, unanitosha akili."

Kutosha kwetu ni kuondoa, wakuu.

Ni kweli, nilikwenda kusoma. Viwanda havikukubaliana. Kuna mpango huu na kuna mpango ule, na huku Lualaba mashine zinatoka kila pembe ya dunia, kwa hiyo unaweza kupanda yoyote. Anayezoea mpango mmoja tu, mikono yake inajibu kabla ya kichwa.

Basi nikafanya kitu ambacho sijawahi kukisoma kwenye forum yoyote ya Linux. Nilichukua script yangu nzuri nikaiharibu kwa makusudi. Kila gemu likiwaka, inachagua mpango kwa kubahatisha, na haisemi imechagua upi.

Siku moja nilizidisha, nikaweka na mpango ambao kuinua ni kushusha. Alikuja hadi kibandani, wateja wakiwa wamekaa.

"Hakuna machine inafanyaka vile, yaya. Ile ni roho yako mubaya tu."

Nikauondoa.

Siku ya kupimwa nilifunga kibanda nikamsindikiza. Mama alisema hawezi kuja, ana kazi nyumbani. Alimpa Solange kitambaa cha kufunga nywele, akamwambia tu asichelewe.

Tusio wanafunzi tuliachwa parking. Kati yetu na uwanja kuna tuta kubwa la udongo, kwa hiyo wanaopanda huwaoni, wala kibanda cha dereva hukioni. Unaona mkono wa excavator tu, unapanda na kushuka juu ya tuta.

Na wale jamaa walikuja na mashine yao wenyewe. Sio ya jaune, sio ya gris.

Wa kwanza alianza kwa nguvu. Mkono mkubwa ulitakiwa kupanda, badala yake ule mfupi ukaruka mbele, godet ikapiga tuta na udongo ukatumwagikia sisi. Honi ikalia. Akateremshwa.

Aliyefuata alienda polepole, lakini yaleyale. Mikono yake ilikuwa bado kwenye mashine ya jana.

Wengine walijitahidi. Mimi nilikuwa sijui zamu ya Solange ni ipi.

Kisha mkono ukasimama kabisa.

Ukapanda kidogo, ukashuka. Ule mfupi ukatoka kidogo, ukarudi. Godet ikafunguka, ikajifunga. Mashine ikageuka kushoto kidogo, kulia kidogo, ikatulia.

Mwanaume mmoja karibu yangu akacheka.

"Ule hajuwe kitu. Bado eko anatafuta mikono."

Mimi peke yangu pale parking nilijua ni nani yuko ndani. Ile salamu nilikuwa nimeiona mezani kwetu, kwenye laptop mbovu, kila courant iliporudi. Machozi yalinitoka, wakuu, na sitasingizia vumbi.

Baada ya hapo alichimba. Bakuli linajaa, linageuka, linamwaga, linarudi mahali pake. Yule mwanaume aliacha kucheka akawasha sigara.

Solange alipotoka alinisimulia njiani. Msimamizi wa mtihani alimwita kando akamuuliza nani alimfundisha kuanza vile.

"Nikamwambia, ni ordinateur ya kwetu, tata. Kila siku inaamukaka na akili ingine."

Msimamizi hakucheka, akamwambia aende, watapiga simu.

Hadi naandika hapa simu haijalia. Lakini mimi sina wasiwasi. Niliuona ule mkono.

Sasa mkuu wangu wa Windows, rudi karibu. Kwenye Windows yako gemu lingefunguka siku ya kwanza, joystick zingekaa sawa, na Solange angejifunza mashine moja. Sisi kwa sababu kila kitu kilikataa, tulilazimika kukifungua ndani, na tulipokifungua tukaweza kukigeuza tunavyotaka sisi. Compatibility yako nakuachia, mimi nabaki na fujo yangu.

Nilichojifunza: mtumiaji akikwambia rudisha bug, meza hasira, muulize kwanza anaitumia kufanya nini. Mimi nilikuwa nataka kushinda kompyuta. Yeye alikuwa anataka kazi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine ana bug aliyoiacha makusudi? Mwenye kadi ya michoro ya zamani inayomsumbua aweke log hapa tuisome pamoja. Na wale operator mliomo humu, niambieni kama mnasalimia mashine au ni Solange tu.

EDIT: Wakuu, simu imelia nikiwa bado najibu comments zenu.

Hawakusema umefaulu. Hawakusema hongera. Sauti iliuliza tu anavaa botte za usalama, yale mabuti ya kazini, pointure gani, yaani saizi.

Solange, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, aliangalia miguu yake kama si ya kwake. Simu iko sikioni bado.

Mama akajibu kutoka cuisine, bila kugeuka, mikono iko kwenye maji ya sahani:

"Ubaambie trente-neuf. Na ikuwe na nafasi kidogo, juu ya soksi."