Kigingi cha Mbuzi

Mimi si mtu wa kutembea porini. Nimezaliwa Muleba, sikatai, lakini nimezeekea Bukoba mjini nikisahihisha madaftari ya watoto wa watu, na safari yangu ndefu ya miguu ni kutoka shuleni hadi sokoni. Kwa hiyo asubuhi ile, niliposhuka kwenye gari Kamachumu na kuanza kuteremka mlima peke yangu kuelekea ziwani, magoti yalilalamika kabla hata sijafika kona ya kwanza.

Kilichonipeleka ni kibanja cha mama, shamba lake la migomba na kahawa. Mama alifariki, na mwaka uliofuata ziwa likapanda na kumeza migomba yote ya chini. Sasa maji yalikuwa yamerudi nyuma, na ukoo ulitaka jibu langu kabla ya Jumapili: nitakitunza kibanja, au nikirudishe apewe mwingine? Baba yangu mdogo, ambaye namwita tata kama nilivyomwita baba mwenyewe, hakunizungusha kwenye simu.

"Mwanamke peke yake kule ziwani? Utakuwa unakwenda na nani?"

Nilikasirika siku nzima. Nilikasirika kwa sababu sikuwa na jibu. Tangu tumzike mama sikuwa nimekanyaga kule hata mara moja, na ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa.

Basi nikajiwekea sharti la kitoto. Mwisho wa kibanja, karibu na maji, kuna mutoma, ule mti ambao zamani magome yake yalipondwa yakawa nguo. Mutoma wa mama ulianza kama kigingi. Nilipokuwa mdogo alikata tawi nene, akalipigilia ardhini, akafungia mbuzi. Kigingi kikachipua. Mbuzi akatafuna machipukizi, kikachipua tena, wakabishana hivyo mpaka mbuzi alipochinjwa Krismasi na kigingi kikawa mti. Nikajiambia: mutoma ukiwa hai, nakitunza kibanja. Ukiwa umekufa, tata achukue.

Baada ya shule na makanisa, njia inaingia rweya, nyasi tupu zisizo na mgomba wala mtu. Nilipokuwa msichana nilipita hapo nikiimba, tukiwa watano au sita na ndoo vichwani. Peke yangu palikuwa mahali pengine. Kenge mmoja alichomoka kwenye jiwe, nikapiga kelele ambayo nashukuru hakuna mwanafunzi wangu aliyeisikia. Kila upepo ulipolaza nyasi niligeuka nyuma. Nikaanza kuhesabu hatua kwa sauti, ili nisikie angalau mtu mmoja akizungumza.

Kabla ya kibanja chetu kuna nyumba moja tu, ya jirani aliyekuwa rafiki wa mama. Nilikuwa nimesikia amehamia Nshamba kwa watoto wake. Mlango ulikuwa umefungwa, nikapita kimya. Kwetu hilo ni kosa. Nyumba ya mwisho njiani haipitwi hivi hivi. Unapiga hodi hata kama humjui mwenyewe, unasalimia, unapewa akamwani, buni zetu za kutafuna, na mtu mmoja duniani anajua kwamba umeshuka majini. Mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Lakini nilikuwa na haraka zangu za mjini.

Haikuchukua muda nikasikia nyayo nyuma yangu. Niligeuka. Kulikuwa na mtu mwenye koti refu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, panga mkononi. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nikasimama, naye akasimama. Nikajikuta nakimbia, mwanamke wa umri wangu, na fimbo yangu ya kutembelea, mpaka nikatokea kwenye mutoma.

Nikausahau woga. Matawi ya upande wa ziwa yalikuwa makavu kabisa. Shina, kuanzia usawa wa kifua hadi chini, lilikuwa limefungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba za mgomba. Nilielewa mara moja, maana mutoma uliochunwa magome hufungwa hivyo: kuna mtu ameuchuna mti wa mama. Mti ulionusurika na mbuzi na ziwa, binadamu ameumaliza. Machozi yalinitoka kwa hasira. Mtu wa panga alipojitokeza nikainua fimbo.

"Usiniguse! Na toka kwenye mti wa watu!"

"Toka wewe!" akajibu. "Mti wa watu unakuhusu nini?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Akavua kofia. Alikuwa yule jirani, ndani ya koti la marehemu mume wake.

"Waitu!" akasema, akishika kifua. "Nimekutambua kwa kelele. Ni za mama yako. Unapita kwangu kimya kama mbuzi aliyekata kamba! Nikasema mwizi wa kahawa leo nimempata. Kumbe nami nakuogopa wewe na hiyo fimbo yako!"

Nikashusha fimbo. Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Nikamuuliza nani ameuchuna mti.

"Mimi," akasema. "Maji yalikaa hapa muda mrefu, gome likaoza. Ningeliacha, uozo ungeingia ndani. Nikalitoa, nikaufunga kama marehemu mume wangu alivyokuwa akiifunga miti yake akishaichuna. Fungua uone."

Nililegeza kamba, nikainua jani. Chini yake kulikuwa na gome jipya, jembamba, lenye unyevu, jekundu kidogo. Niliweka kiganja pale.

"Majani yakikauka yanabadilishwa," akaendelea. "Nimeshabadilisha mara nyingi. Mwenyewe alikuwa wapi?"

"Niliogopa kuja peke yangu."

Hakunihurumia hata kidogo. "Na mimi hapa naishi na nani?"

Nikamwomba panga, nikaenda kukata majani mabichi, na akanionyesha jinsi ya kufunga bila kubana. Nilifunga vibaya, akafungua, nikafunga tena. Baadaye barazani kwake alinipa akamwani kwenye kipande cha jani la mgomba. Nilitafuna moja baada ya nyingine na uchungu wake ulinipendeza.

Niliporudi, rweya ilikuwa ile ile, na niligeuka nyuma mara mbili tatu. Siwezi kusema woga uliisha. Juu ya mlima, mtandao uliporudi, nikampigia tata na kumwambia nakitunza kibanja, nitakuja kila Jumamosi.

Akarudia swali lake. "Na utakuwa unakwenda na nani?"

"Peke yangu, tata," nikasema. "Ila nitakuwa napiga hodi."